Goti la Kukimbia

Nilimtazama goti kabla ya kumtazama uso. Yaya Kavira alikuwa anashuka kilima cha Mususa kuelekea kwenye turubai la msiba, mama yake amelala ndani katika jeneza, watu wakisimama kumpisha, na mimi, niliyetoka Beni asubuhi hiyo kuja kumlilia mama yule aliyenilisha mwaka mzima, nilikuwa nimekodolea macho mguu wa kulia wa bintiye nikingoja kuona kama goti litaingia ndani. Aliniona. Hata siku ile alijua ninatazama wapi. "Paluku," akasema, machozi yamemjaa, "weye utaangaliaka batu magoti mpaka siku yako ya kufa?" Kisha akanishika shingo, tukalia. Nimekwisha kurudi Beni, na mwaka ule umenirudia wote, chumba kwa chumba. Ninauandika kwa sababu nina tabia ya kupima kila kitu mara tatu, na huo ni mwaka ambao kila nikiupima unanipa jibu lingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifanya kazi Butembo, mtaa wa Bulengera, katika karakana ndogo ya miguu ya bandia na vishikio vya goti. Sikuwa nimeisomea kazi hiyo. Niliingia kama mtu wa kukoroga plasta, nikabaki kwa sababu sikuweza kuvumilia kuona kitu kimekaa vibaya. Nilisugua ukingo wa plastiki kwa msasa hadi mkuu wa karakana akaninyang'anya. "Ile muguu iko ya kutembea, haiko ya kupeleka ku musée, batu baiangalie!" alinifokea, na wateja waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakacheka. Nilicheka nao, jicho likiwa bado kwenye ule ukingo. Wakati wa mapumziko nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikisoma makala za Kifaransa neno kwa neno juu ya mifupa, uzito na msuguano. Siku zote niliogopa kwamba mtu mmoja angenikaribia na kuniuliza swali la mwanzo kabisa, lile ambalo kila mwanafunzi analijua, nami nisilijue. Woga huo ninao bado. Watu huudhania kuwa ni unyenyekevu.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Kavira, ukuta mmoja na jiko. Asubuhi za Butembo zina baridi ya kuumiza vidole, na ukuta ule ulikuwa joto langu. Kupitia kwenye matofali nilisikia kila kitu: mwiko ukisonga bukali, majani ya sombe yakitwangwa, mama akimsema jirani, mama akimwomba Mungu amsamehe kwa kumsema jirani. Yaya Kavira, binti yake, mjane, aliishi Kalunguta alikokuwa na shamba na mtoto mdogo wa kike, Neema. Siku za soko alikuja mjini na mzigo, akalala kwa mama yake. Alikuwa amenizidi miaka mitano tu, lakini tangu siku ya kwanza nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa aliniamuru kunawa mikono kabla ya kula kana kwamba tumenyonya pamoja.

Alipokuwa msichana aliteleza na mzigo kwenye mteremko wa udongo mwekundu, goti likajinyonga. Hospitali iliyompokea ilimtoa meniski ya upande wa nje, yote. Ndani ya kila goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, kimoja ndani, kimoja nje, navyo hukaa kati ya fupa la paja na mfupa wa muundi. Ndizo meniski. Kwa upande wa ndani mfupa wa chini una kibonde kidogo, kwa hiyo mtu akipoteza meniski ya huko bado mfupa wa juu una pa kukaa. Upande wa nje mfupa wa chini umebenuka. Meniski ikitolewa pale, unabaki na jiwe la mviringo juu ya jiwe la mviringo. Yaya alikuwa ametembea juu ya mawe hayo tangu ujana wake, na jioni goti lake lilivimba kama andazi.

Nilitaka kuelewa kwa mikono. Muuza nyama wa Mususa aliniwekea magoti ya mbuzi. Nilitengeneza kibanio kwa mbao na jeki ya gari, nikaingiza karatasi ya kaboni kati ya mifupa, nikakandamiza. Meniski ikiwemo, alama kwenye karatasi ilikuwa pana na hafifu. Nikiitoa, alama ilikuwa ndogo, nyeusi, karatasi ikikaribia kutoboka. Hilo nililitarajia. Lililonishangaza ni jingine. Nilikata ncha mbili za meniski pale zinaposhikana na mfupa, nikaiacha yenyewe nzima mahali pake, haina hata mkwaruzo. Alama ikatoka ndogo na nyeusi, kana kwamba hapakuwa na kitu. Nilirudia kwa goti lingine, na lingine. Ndipo nilipowaona kwa macho mapya akina mama wa kwetu wanaopanda vilima na kitunga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Meniski haibebi kama mto wa kiti. Mfupa wa juu unaisukuma itoke nje, na kwa kuwa ncha zake zimeshikwa, haitoki. Inakaza, na huko kukaza ndiko kubeba. Kamba ya kitunga ni hivyo hivyo. Fungua ncha moja tu: kamba unayo nzima, na mzigo uko chini.

"Paluku," Mama Kavira aliita kupitia ukutani, "ile magoti ikimaliza examen, utaileta mu chungu ao itaendelea na masomo?" Aliipika supu. Yaya, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na mguu ameunyoosha juu ya gunia, aliionja akasema haina chumvi lakini ina akili.

Habari ya kipandikizi ilikuja kupitia kwa daktari wa mifupa wa Beni, mtu mpole ambaye karakana yetu ilimtengenezea vishikio. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kulikuwa na madaktari waliokuja kwa msimu kupandikiza meniski zilizotoka kwa watu waliofariki, zilizohifadhiwa kwenye baridi kali. Yaya alikuwa kijana bado, gegedu ya mifupa yake haijaisha, na watu wa kanisa walikuwa wamekubali kumsaidia. Kipande kimoja kilikuwa kimepatikana chenye ukubwa unaokaribiana na ule wa goti lake. Kama si yeye, kingekwenda kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa akingoja. Nilimweleza Yaya yote hayo nikiwa nimesimama mlangoni.

Jumapili ile mama zake wadogo wawili walikuja baada ya misa. Nilikuwa chumbani kwangu, nao walidhani sipo.

"Kitu ya mufu," alisema mmoja. "Mu mwili ya mutu muzima. Mimi hapana."

"Waliisafisha," alisema Mama Kavira.

"Walisafisha nyama. Roho je? Na siku ya ufufuko? Mwenye kitu atasimama pale mbele ya Mungu, muguu moja inalegea, ataanza kuuliza: goti yangu iko wapi? Banamuonyesha Kavira!"

"Sasa si Kavira atamurudishia," akasema wa pili. "Pale mbinguni hakuna vilima."

Walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai. Kisha nikasikia sauti ya Yaya, ya chini, isiyo na kicheko. "Bamama, munasikia. Mwezi uliopita, wakati risasi zililia kule juu ya shamba, batu bote walikimbia. Mimi nilianguka mara mbili. Neema alikuwa mu mugongo. Mwanaume moja nisiyemujua alirudi, akamubeba mutoto, akaniacha. Alifanya vizuri. Lakini niliketi mu mihogo, nikasikia batu wanapita karibu, sijui kama ni baaskari ao ni bale bengine. Mimi siombi goti ya kucheza. Siombi hata goti ya soko. Naomba goti ya kukimbia."

Baadaye nilisikia mama mmoja akisema, "Basi achukue. Hata ya mufu." Nilikaa kitandani na mgongo kwenye ukuta wa joto. Tangu siku ile magoti ya mbuzi yaliacha kunifurahisha. Nilipima upana wa goti lake kwenye picha za radio, zile za eksirei, hadi namba zikacheza machoni. Nilijua kwamba kipande kikiwa kikubwa kupita kiasi kitasukumwa nje, kikiwa kidogo kitapasuka, na kwamba hata kikiwa na ukubwa sawasawa kinaweza kufa kwa sababu ya mguu wenyewe. Mstari wa uzito unatoka nyonga hadi kifundo cha mguu, na kwa mtu aliyenyooka hupita katikati ya goti. Goti likiwa limeingia ndani, mstari unapita upande wa nje, juu ya kipande kipya kabisa, kila hatua.

Picha ya Yaya akiwa amesimama ilionyesha mguu ulionyooka. Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Daktari hakufurahi. Alinipigia simu. "Paluku, mufupa ya upande ya inje imekuwa ngumu, imekomaa sawa vile mufupa yenye inabeba kuliko mwenzake. Lakini muguu iko droit, imenyooka. Hizi bintu mbili hazisemi lugha moja. Mumurudishe, tupige radio ingine. Weye umwangalie namna anasimama." Mimi ninakiri: nilitamani asingeliona hilo. Nilikuwa nimeliona mwenyewe, wiki kadhaa kabla, nikalifunika kwa maelezo mazuri ya kujitungia.

Tulikwenda Beni kwa gari dogo lililojaa. Yaya hakuwahi kusafiri mikono mitupu. Viazi vya Butembo vina soko Beni, kwa hiyo alipakia kitunga chake kimejaa. Kwenye kizuizi baada ya Kalunguta askari walitushusha wote, wakatazama karte zetu za utambulisho, wakatazama viazi. Yaya alitazama upande wa shamba lake. Mbele yetu gari moja lilikuwa limegeuza kurudi, na dereva wetu akazungumza na yule dereva kwa sauti ya chini. Hakuna aliyetuambia walichosema. Tukaendelea, na ndani ya gari hakuna aliyekohoa mpaka tulipoona mapaa ya Beni.

Fundi wa radio alikuwa mtu wa Kinshasa aliyeletwa kazini huku, mnene, mchangamfu, mwenye kumwita kila mwanamke maman. Alimsimamisha Yaya mbele ya ubao. Nilimtazama kama nilivyoambiwa. Alisimama mabega sawa, kidevu juu, kitenge kimekazwa, kama mtu anayesubiri komunyo. Picha ikatoka: mguu umenyooka. Nilishusha pumzi. Tulitoka hadi kwenye baraza alikokuwa ameacha kitunga. Aliinama, akapitisha kamba kwenye paji la uso, akasimama nacho, akaanza kutembea mbele yangu kuelekea lango.

Goti la kulia likaingia ndani. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila uzito ulipolishukia lilianguka kuelekea mwenzake, kisha akaliinua kwa kiuno, kwa ustadi ambao usingeuona kama hukuwa nyuma yake. Mchuuzi anayechechemea sokoni huuza kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi anajua hawezi kurudi nyumbani na mzigo. Yeye alikuwa amejifunza kutochechemea. Akiwa hana mzigo alisimama kwa mguu mmoja akionekana kusimama kwa miwili. Sidhani kama mwenyewe alijua tena.

Ningeweza kunyamaza. Lango lilikuwa pale, gari lilikuwa linapiga honi. Nilihesabu hadi nikasahau ninahesabu nini. "Yaya," nikasema. "Tunarudi. Na kitunga."

Fundi wa radio alituona mlangoni akainua mikono. "Ndeko! Huku haiko zando! Soko iko ng'ambo!"

"Naomba umupige hivi. Na mzigo."

"Na birayi? Mu radio? Nitaandika nini, viazi zina fracture?"

Yaya alicheka, mimi sikuweza. Fundi alinitazama usoni, akaacha mzaha, akasogeza mashine. Yaya alisimama tena mbele ya ubao, kamba kwenye paji la uso, mikono nyuma ikishika kitunga. "Maman, pumzi," akasema fundi. Picha ikaja kwenye skrini.

Hakuna aliyehitaji kipimo: goti lilikuwa limeingia ndani. Fundi akasema kwa upole, akimtazama Yaya wala si mimi, "Maman, hii Docteur hakuiandika. Aliandika moja ya kusimama tu, na ile ninayo. Hii naweza kutuma, naweza kufuta. Ni weye."

Yaya alishusha kitunga sakafuni. "Paluku, sema. Weye ndio unajuaka."

Katika maisha yangu yote nimekuwa na jibu, au angalau makala. Pale nilianza kusogeza kidole kwenye skrini, nikakirudisha. Akanisogeza kando kwa kiwiko, akasimama karibu na skrini. Hakuwahi kuuona mguu wake ukibeba. Nani huuona wake? "Kile kipande kipya kitakaa wapi?"

Nilionyesha.

"Na mzigo itapita wapi?"

Niliweka kidole kwenye nyonga, nikakishusha taratibu hadi kifundo. Kilipita pale pale. Alikitazama kidole changu kikiwa kimesimama.

"Kitakaa muda gani?"

"Sijui, Yaya. Labda mwaka. Labda miwili. Halafu kitapondeka, na mufupa itakuwa mubaya kuliko leo."

"Na mu ule mwaka ningekimbia?"

Sikutegemea swali hilo. Nilikuwa nimesoma juu ya miaka ambayo kipandikizi hudumu, juu ya upana wa alama kwenye mfupa. Hakuna niliposoma thamani ya mwaka mmoja Kalunguta. "Labda," nikasema. "Kidogo."

Aliinama akavipanga upya viazi kwenye kitunga. Kutoka nje tulisikia mtu akijadiliana bei ya sabuni. Kisha Yaya akamwambia fundi, "Tuma," akapitisha kamba kwenye paji la uso na kutoka.

Daktari alisema tulichojua atasema: kwanza mfupa ukatwe na kunyooshwa, upone, ndipo kipandikizi kifikiriwe. Kile kilichopatikana hakingoji. Kilikwenda kwa mwingine. Njia nzima ya kurudi Yaya hakunisemesha. Kwa wiki nyingi aliponipita jikoni alinisalimu kama anavyosalimiwa mpangaji. Mama yake alinipakulia chakula kile kile, na siku moja, akiniwekea mboga ya lenga-lenga juu ya bukali, alisema bila kuniangalia, "Atakusamehe. Ao hatakusamehe. Kula." Ni yeye aliyemshawishi kukubali upasuaji wa mfupa, hapo hapo Beni. Nilitengeneza kishikio chake cha kutembelea kwa mikono yangu na mkuu wa karakana hakuninyang'anya msasa. Nilipomfunga mara ya kwanza Yaya alisema tu, "Inaumiza hapa," nikaenda nikasugua, nikarudi, akasema, "Hapa pia." Nadhani mara ya tatu hapakuwa na kinachomuumiza.

Shamba la Kalunguta alimwachia ndugu wa marehemu mumewe, akahamia kwa mama yake na Neema. Kipandikizi kingine hakikupatikana, na maumivu yalipungua kiasi kwamba aliacha kukiulizia. Sijui kama hiyo ni habari njema. Vitabu vingesema ni njema. Mguu uliponyooka, mzigo uliacha kukimbilia upande wa jeraha, kama nilivyoelewa ungefanya. Mimi nilikuwa sahihi, na kwa miezi kadhaa nilijisikia kama mtu aliyemnyang'anya mwenzake kitu akiwa na risiti mkononi.

Mwishoni mwa mwaka ule, kabla sijahamia Beni, tulikuwa tunarudi kutoka sokoni alasiri, mimi na mikate, yeye na Neema mgongoni. Mji ulikuwa umekaa vibaya kwa siku kadhaa. Watu walifunga maduka mapema na kuzungumza kwa kifupi. Baadaye tuliambiwa ulikuwa mlio wa tairi la lori. Lakini mlio ulipopasuka nyuma yetu hakuna aliyengoja kuambiwa. Barabara nzima ilikimbia. Pikipiki ziliangushwa, mama mmoja aliacha beseni lake la nyanya, na mimi nilikimbia. Ninaliandika hivyo hivyo: nilikimbia, nikaacha mikate, nikafika kwenye ukuta wa kanisa kabla ya kukumbuka kwamba sikuwa peke yangu.

Niligeuka. Alikuwa anakuja katikati ya barabara iliyokuwa tupu, kwa mwendo wa mtu anayekwenda nyumbani, akiwa amemshikilia Neema mgongoni kwa mikono miwili. Hakuinua kiuno. Aliukanyagia mguu wa kulia uzito wake wote na wa mtoto, ukabeba, akaukanyagia tena. Uso ulikuwa umekaza, macho mbele. Nilimpungia mkono aharakishe.

Alinifikia. "Sababu gani umesimama?" aliuliza, akihema. "Kama unakimbia, kimbia."

"Nakungojea, Yaya."

"Basi tembea."

Nilitoka ukutani, nikatembea kando yake, kwa mwendo wake, mgongo wangu wote ukingoja mlio wa pili.